Nilivyofundishwa Kuilaza Bustani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa reki, kisha nikaambiwa niiegemeze ukutani na kupiga magoti.

Ilikuwa asubuhi ya Aprili, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika uwanja wa nyumba moja kubwa pale Morningside, juu ya kile kilima ambacho ukisimama upande wake wa mashariki unauona mji wa Durban wote umejinyosha chini yako hadi bandarini. Aliyenipokea alikuwa mzee mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka magotini na kofia ya sufu aliyoivuta hadi kwenye nyusi. Jina lake Baba Cele, mkuu wa bustani ile. Aliniambia nianze kwa mikono. Reki, alisema, inakusanya kila kitu bila kuuliza, lakini mkono unalijua jani lililokauka vizuri na jani linalooza, jani zima na jani lenye maradhi. Nikapiga magoti chini ya mparachichi, umande ukaniloanisha suruali, nikaanza kuokota majani kama mtu anayechambua mchele. Nilidhani ananijaribu kwa kuwa mimi ni mgeni.

"Kwenu majani yanaanguka?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba kwetu jani linaanguka likichoka, mwezi wowote.

"Hata hapa," akasema. "Ila hapa miti inachoka kwa zamu. Mwezi ujao ni frangipani. Jakaranda ndiye wa mwisho, anakaa na majani yake mpaka Agosti."

Mimi naitwa Wilondja, mtu wa Uvira, Kongo. Kabla ya vita nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari: malori ya miwa yanapita juu ya chuma, mimi naandika uzito. Jembe nililijua kwa kumtazama mama. Nilifika Durban baada ya kupanda mabasi mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikiwa nimemwacha mke wangu Furaha na binti zetu wawili katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Nililala kwenye fleti karibu na bandari pamoja na wanaume kumi, magodoro tunayaegemeza ukutani mchana ili tupate pa kukaa. Kazi nilitafutiwa na Dieudonné, kijana wa Bukavu aliyekuwa na saluni mjini kati. Aliniambia huku akimnyoa mtu, bila kugeuka: "Iko mzee kule Morningside anatafuta mutu wa kumusaidia na majani. Kesho uende mapema, usichelewe."

Mwenye nyumba alikuwa daktari wa meno, Mhindi aliyekulia Chatsworth, kitongoji cha Wahindi, aliyeinunua nyumba ile miaka michache tu baada ya watu wa rangi yake kuruhusiwa kuishi mtaa ule. Sisi tulimwita Daktari, basi. Alikuwa mpole, mwenye haraka ya asubuhi na uchovu wa jioni. Baba Cele alikuwa pale tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza, na sasa alikuwa anamtumikia wa tatu. Daktari alipenda kuwaambia wageni wake kwamba nyumba aliinunua, lakini bustani aliikuta na mwenyewe.

Nyuma ya gereji kulikuwa na chumba cha mtunza bustani. Kilikuwa na mlango wake, dirisha linalotazama mlichi, mti wa matunda, na bomba la maji hatua chache kutoka kizingiti. Humo aliishi Baba Cele, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kwake, pwani ya kusini, kumwona mkewe. Mchana tulikula mkate na chai mlangoni pale. Niseme wazi tangu sasa, kwa sababu ndiyo kisa chenyewe: kuanzia siku ile ya kwanza nilikitazama chumba kile jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani. Nilikipima kwa macho. Kitanda hapa, godoro la watoto pale.

Mazungumzo yetu nayaandika kwa Kiswahili, lakini wakati ule yalikuwa Kizulu kidogo, Kiingereza kidogo na mikono mingi. Mimi nilimwita Baba, neno ambalo kwa bahati ni lilelile katika lugha zetu mbili. Yeye aliniita Kongo.

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda mkadhani kazi ya bustani ni ya masika, ambayo huku huanza Septemba, mvua inaponyesha na kila kitu kinapanda juu. Nami nilidhani hivyo. Baba Cele alinifundisha kwamba kazi kubwa ni ile ya kuanzia Aprili mpaka Agosti, wakati hakuna mtu anayekuja kusifia. Aliiita kuilaza bustani. Durban haina baridi ya kuua mmea. Baridi yake ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Lakini mvua inakwenda zake, hewa inakauka, na kila mmea unapunguza mwendo. Ukiusumbua utaamka vibaya. "Mtoto humlazi kwa kumsukuma kitandani," alisema. "Unapunguza kelele kwanza. Halafu taa. Halafu wewe mwenyewe unatoka polepole."

Basi Aprili tulipunguza kelele. Majani mazuri tuliyapeleka kwenye shimo la mboji nyuma ya mlichi: tabaka la majani, tabaka la nyasi zilizokatwa, tabaka jembamba la udongo na samadi, kisha maji kidogo, na baada ya wiki mbili tunaligeuza kwa uma ili lipumue. Majani ya miwaridi yenye madoa meusi hayakuingia humo kamwe, maana doa lile ni ugonjwa, nao hulala kwenye mboji na kuamka pamoja na maua. Mei tuliinua kisu cha mashine ya kukatia nyasi, ili nyasi zibaki ndefu na kufunika mizizi yake zenyewe. Tulitandaza majani makavu yaliyopondwa kuzunguka kila shina, unene wa kiganja. Hayo huitwa matandazo, na kazi yake ni kuzuia jua lisiunyonye udongo. Mama yake Daktari alikuja Jumapili moja kutoka Chatsworth na mbegu za dania na uwatu ndani ya leso, akaomba kitalu kimoja cha kwake. Tukamchimbia karibu na jiko. Hiyo ndiyo mimea pekee iliyokuwa na haraka msimu ule.

Sijui niwaelezeje utulivu wa siku zile. Mwanga wa Juni ulikuwa mwembamba na wa dhahabu, unaingia bustanini ukiwa umelala ubavu, na bahari kule chini ilikuwa kama shuka iliyoanikwa bila upepo. Hadeda, wale ndege wa kijivu wenye midomo mirefu, walitembea kwenye nyasi mbele yetu wakidonoa udongo, nasi tukiwafuata nyuma kama watu wa msafara mmoja. Kuna wakati nilisahau nilikotoka. Kuna wakati nilisahau hata kwamba ninangojea. Nilikuwa nageuza udongo, najikuta jua limefika upande mwingine wa nyumba, na sikumbuki nililokuwa nikiliwaza.

Ilikuwa siku ya namna hiyo nilipoanza kunusa harufu ya kwetu. Mbali huko kaskazini ya mji walikuwa wanachoma mashamba ya miwa kabla ya kuvuna, na upepo ulileta majivu: vipande vyeusi, virefu, vyepesi, vinavyoelea juu ya bustani na kutua bila sauti. Karani wa mizani akasimama ndani yangu. Nilinyoosha kiganja, kikatua kimoja, nikakivunja kikawa vumbi. Nikamgeukia Baba Cele nimwonyeshe. Alikuwa amesimama karibu nami, amegeuza uso juu kama mimi. Kipande kimoja kilikuwa kinamshukia polepole sana, moja kwa moja kwenye jicho la kushoto. Kilikuwa kirefu kama kidole. Nilikiona kikija, nikangoja afumbe jicho. Hakufumba. Kilimgusa ndipo akashtuka na kujifuta.

Mambo mengi yalijipanga kichwani mwangu kwa mara moja. Mikono kwanza, reki baadaye. Jinsi alivyolinusa kila jani. Jinsi alivyoniuliza mkasi uko wapi, nao uko mbele ya viatu vyake.

"Baba," nikasema, "tangu lini?"

Hakukataa. Aliketi kwenye ukingo wa toroli, akaniambia kwamba la kushoto lilizimika mwaka juzi. La kulia lilikuwa linajifunga kutoka pembeni. Alichobaki nacho kilikuwa kama kuchungulia ndani ya mpira wa kumwagilia maji. Hospitali walimwambia kilichokwisha kuondoka hakirudi. Lakini bustani aliijua. Kutoka bomba mpaka miwaridi hatua thelathini na moja. Kutoka miwaridi mpaka shimo la mboji hatua kumi na nane, halafu mlichi unausikia kwa harufu. Aliniomba nisimwambie Daktari. Nami, bila kufikiri, nikaahidi.

Tangu hapo tulifanya kazi kama mtu mmoja mwenye miili miwili. Mimi nilitaja ninachokiona, naye alisema la kufanya. Nilikuwa nikiimba chinichini nyimbo za kanisa la Uvira, ili ajue niliko bila kuniuliza. Daktari alipotoka asubuhi alituona tumeinama pamoja, akapunga mkono kutoka garini. Nami nilimnong'oneza Baba Cele, naye akainua mkono wake, akielekeza mahali sahihi.

Julai ni mwezi wa kupogoa miwaridi, yaani kuikata matawi ili masika yaje na nguvu mpya. Hapo ndipo nilipojifunza kazi kwa hakika. Aliniambia nifumbe macho. Niliona aibu, mtu mzima kusimama kipofu mbele ya miiba, lakini nikafumba. Akaniambia nilishike tawi na kushuka nalo kwa kidole gumba taratibu, mpaka nihisi kivimbe kidogo. Kivimbe hicho ni jicho, mahali ambapo chipukizi litatokea. "Yako mengi," alisema. "Wewe tafuta linalotazama nje ya mti, si linalotazama ndani. La ndani litakuja kugombana na ndugu zake." Juu ya jicho hilo unaacha nusu ya unene wa kidole, unakata mshazari, ili maji yateleze upande wa pili, yasilale juu ya chipukizi. Matawi yaliyokufa huyakati kwa kuyaona tu. Unayakwaruza kwa kucha, na kama chini ya ganda hakuna kijani, unayaondoa kuanzia shinani.

Nilikata miwaridi arobaini hivyo, juma zima, macho nimefumba, jua likinipasha kope. Yeye alipita nyuma yangu akigusa kila nilipokata. Mara chache alisimama na kusema, "Hapa ulifungua macho." Na kweli nilikuwa nimefungua.

Katika wiki ya kwanza ya Agosti Daktari alituita barazani. Tawi kubwa la jakaranda lilikuwa limelalia paa la nyumba, na lingine lililokuwa juu yake lilikuwa limepasuka. Alitaka yote mawili yaondolewe kabla ya pepo za masika. Alimwambia Baba Cele kwa heshima, kama anavyomwambia fundi. Kila mwaka Baba Cele ndiye aliyepanda na msumeno.

Nilipobaki naye nilimwambia nitapanda mimi. Akakataa. Nikamwambia tena. Alisema siku atakayosimama chini huku mwingine yuko juu, ndiyo siku watakayojua. Akavua viatu, akaukumbatia mti, akaanza kupanda. Mimi nilisimama chini nikimwongoza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepiga soga: kulia kidogo Baba, sasa juu, mkono wako wa kushoto una tawi. Alilikata tawi la kwanza vizuri, kwanza chini kisha juu ili ganda lisichanike, likashuka kwa kamba bila kugusa kigae hata kimoja. Wakati wa kuteremka aliteleza. Mguu wake ulitafuta tawi ambalo alikuwa amelikata mwenyewe dakika tano kabla, ukakuta hewa. Alining'inia kwa mikono, ovaroli ikimpanda mgongoni, nami nikamshika kifundo cha mguu na kukiweka mahali. Alifika chini. Aliketi akavaa viatu vyake, akachukua muda mrefu kwenye kamba. Kisha akasema la pili tutalikata Jumatatu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi mchana Dieudonné alinitumia mtu: nina simu kwenye duka la karibu na saluni. Alikuwa Furaha, anapiga kutoka Kigoma mjini. Sauti yake ilikuja na kurudi kama mawimbi.

"Baba Neema," alisema, "iko mama moja wa kanisa anasafiri na watoto wake, anataka tutoke pamoja. Watoto wanauliza kila siku. Lakini tukifika kule tutalala wapi?"

Nilimwambia angoje siku mbili nitampa jibu. Akasema sawa. Nikasimama pale dukani na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Jumatatu nilipanda kilima mapema kuliko kawaida. Daktari alikuwa anafungua mlango wa gari. Nikamwambia kwamba Baba Cele haoni, na kwamba akipanda leo ataanguka. Nilisema maneno hayo tu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwenye taxi, lile basi dogo la abiria.

Daktari aliweka mkoba wake juu ya gari. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Juni."

Akaitazama bustani kwa muda, vitalu vilivyofunikwa, miwaridi iliyobaki vijiti. "Na haya maua aliyakata nani?"

"Yeye, kwa mikono yangu," nikasema.

Hakwenda kazini asubuhi ile. Alimwita Baba Cele jikoni, wakakaa huko hadi chai ikapoa. Nilikuja kujua baadaye kwamba alimwomba abaki na chumba chake, asifanye kazi yoyote, akae tu kama mzee wa nyumba. Baba Cele alishukuru, akasema hawezi kukaa mgeni ndani ya bustani yake. Akaomba siku tatu. Daktari alimpa, na aliahidi kumtunza. Ninajua kwamba ahadi hiyo aliitimiza. Tawi la pili lilikatwa na watu wa kukodi.

Siku tatu hizo Baba Cele alifanya kazi na mimi kama kawaida, ila hakusema nami lolote nje ya kazi. Sikuimba, naye hakuniomba niimbe. Siku ya mwisho alinionyesha jambo la mwisho la msimu, jinsi nyasi zinavyoamshwa mwishoni mwa Agosti. Unachekecha udongo na mboji kwenye wavu, unaunyunyiza juu ya nyasi, halafu unausambaza kwa mgongo wa reki mpaka ncha za nyasi zichungulie. Aliniambia nisiiamshe bustani mapema kwa sababu tu nina hamu ya kuona maua. Kisha Daktari akamchukua kwa gari lake mwenyewe hadi kwake pwani ya kusini. Nilisimama getini. Aliutafuta mlango wa gari kwa mkono, akaupata, akaingia, akauweka mfuko wake magotini. Hakugeuka, lakini hata angegeuka asingeniona.

Nilipewa chumba. Septemba bustani iliamka. Miwaridi ilitoa machipukizi mekundu kama kucha za mtoto mchanga, yote yakitazama nje. Oktoba jakaranda ilifunika paa kwa zambarau, na wageni wa Daktari walisimama barazani wakinisifu, nami nikainamisha kichwa. Furaha na watoto walifika Novemba. Alipoingia chumbani aliuliza nani aliishi humu, nikamjibu mzee fulani. Siku chache baadaye, nikipiga deki, nilikuta uzi. Ulikuwa umefungwa kwenye misumari midogo, kimo cha mkono, kutoka kitandani hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi bombani, umepakwa rangi ileile ya ukuta usionekane. Nilitaka kuung'oa. Sikuweza. Mwishowe wasichana wakaanika juu yake nguo za mwanasesere wao.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, nilichukua taxi ya kusini. Nilishuka dukani, nikauliza kwa Baba Cele, wakanionyesha njia ya vumbi. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, kofia ileile. Sijafika hata nusu ya uwanja, akasema, "Kongo." Mkewe akanipa kiti na bakuli la maziwa ya mgando, akatuacha.

Chini kulikuwa na bonde limejaa mwanga, na ng'ombe wachache wasiosogea. Kisha akauliza:

"Ulimwambia kwa ajili ya mti, au kwa ajili ya chumba?"

Miezi kumi nilikuwa nimelitayarisha jibu la swali lile. Jibu refu, lenye mguu wake ukitafuta hewa na mimi kushindwa kulala.

"Yote mawili, Baba. Sijui lipi zaidi."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Nilidhani atanifukuza.

"Na mimi," akasema, "nilipanda kwa ajili ya chumba."

Hatukulirudia tena. Akaniuliza hali ya nyasi. Nikamweleza, na baada ya nyasi miwaridi, na baada ya miwaridi kitalu cha mama yake Daktari, kitalu baada ya kitalu, naye akitembea humo kwa akili yake, akiniuliza hiki kimepanda kiasi gani, kile nimekifunika na nini. Jua lilikuwa linateremka tulipofika, kwa maneno, geti la Morningside. Nilirudi kila Juni mpaka alipofariki. Nilimtandazia majani kuzunguka michungwa yake, naye alipita nyuma yangu akigusa.

Baada ya miaka saba Daktari aliuza nyumba, akahamia Cape Town. Nilikwenda Chatsworth, kwenye shule ya msingi, chini ya Mwalimu Mkuu aliyetaka kila ukingo uwe umenyooka kama mstari wa daftari. Alinikuta siku moja nimefumba macho mbele ya mwaridi, mkasi mkononi, akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia ninatafuta jicho. Alinitazama, akasema, "Endelea," na tangu siku hiyo hakunipimia ukingo tena. Kituo changu cha mwisho kilikuwa nyumba ya wazee, chini ya Matroni ambaye hakutaka mmea wenye miiba, ili wakazi wake wasijikwaruze. Huko nilipanda lavenda na jeraniamu zenye harufu, karibu na njia, kimo cha mkono wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Matroni alidhani ni kwa ajili ya nyuki.

Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa. Ninaishi kwa binti yangu Neema, ghorofa ya nne, hakuna udongo ila wa chungu kimoja dirishani. Mnaoanza kazi hii msiogope msimu usio na maua. Aprili hadi Agosti utafanya kazi ambayo haionyeshi kitu. Utafunika, utakata, utangoja, na watu watapita wakidhani umebomoa. Fanya hivyohivyo. Kuhusu jambo lile lingine, sijutii kwamba nilisema. Ninachojutia ni kwamba simu ilikuja Jumamosi. Ingekuja Jumanne, ningejua mimi ni mtu wa namna gani. Nimeishi bila kujua, na nimeona inawezekana kuishi hivyo, na hata kulala vizuri.

Mei iliyopita binti yangu alinipeleka bustani ya jiji, akaniacha kwenye benchi akaenda dukani. Mwanga ulikuwa ule mwembamba, wa kulala ubavu. Nadhani nilisinzia. Nilisikia mtu akisema, "Samahani Baba, inua miguu kidogo." Alikuwa mama wa manispaa, amevaa jaketi la rangi ya machungwa, anakusanya majani. Nikainua miguu yote miwili. Reki yake ikapita chini yangu, ikarudi, ikapita tena, bila haraka, na majani yakaondoka yakiongea. Aliniambia asante, akaendelea na benchi lililofuata. Nilibaki vile muda kidogo, miguu ikielea, kisha nikaishusha mahali pasafi.